Nyaraka 214 na Kilo Mbili za Sukari

Jumatatu, 6 Juni 1994

Ieleweke kwa vizazi vijavyo, na kwa yeyote atakayeliokota daftari hili: leo saa nne na dakika kumi asubuhi mimi, Wilbard, karani wa masjala wa Shamba la Mkonge Mbarika, wilaya ya Same, nimekalia kiti kinachozunguka. Nimezunguka mara mbili. Mara ya tatu akaingia Veneranda, mpiga chapa wetu, nikajifanya natafuta faili nyuma yangu.

Kiti kimekuja na kompyuta mpya. Kompyuta imekuja na meneja mpya, Bwana Hezroni, kutoka Dar. Meneja amekuja na wenye shamba wapya, maana serikali imeuza.

Kompyuta ya zamani tunayo tangu 1986. Kioo cheusi, maandishi ya kijani, na hujui ukurasa utatokaje mpaka utoke. Hii mpya kioo chake ni cheupe kama karatasi. Unachokiona ndicho kinachotoka. Nimeandika jina langu, nikaliamuru likoze, likakoza. Nimeliamuru tena. Baba yangu kule kwetu Mhezi, mlimani, alifukuzwa shule kwa kuvunja kibao cha kuandikia.

Tena kuna waya. Umepitishwa dirishani hadi ofisi ya meneja, kisha hadi stoo. Waraka ukiuweka hapa, unasomeka kule bila mtu kunyanyuka. Mzee Hamisi, tarishi, mtu wa Kigoma, amebeba mafaili kati ya vyumba hivyo miaka kumi na tisa. Aliutazama waya kwa muda mrefu. Akasema hakujua kama miguu yake ingeweza kuwa myembamba kiasi hicho.

Amri ya meneja: nyaraka zote za ndani zihamishwe kutoka ya kijani kwenda nyeupe. Kanuni, fomu, matangazo, jumla 214. Ukizifungua kwenye mpya zinatoka vijisanduku na alama za kuuliza, kwa hiyo kila moja isafishwe kwa mkono. Kisha akaongeza, huku anafuta miwani, kwamba mwisho wa mwezi masjala itabaki na mtu mmoja.

Sisi ni wawili.

Jumanne, 7 Juni

Usiku nimefikiri. Veneranda alifundishwa kupiga chapa na masista. Anapiga bila kutazama, kama mtu anayepukuchua mahindi huku anasimulia habari za msibani. Mimi natumia vidole viwili. Vidole vyenyewe vina uzoefu, lakini ni viwili.

Kwa hiyo nimebandika chati ukutani, jina langu na lake, kila waraka unaohamishwa alama moja. Halafu, kwa kuwa mimi ni mkubwa kazini, nimegawa kazi. Fomu zenye mistari na vijumba, zinazomeza nusu siku kila moja, zake. Matangazo ya mistari mitano, yangu. Nimemweleza kwamba nimempa zinazohitaji mkono wa mama.

Alisoma mgawo mpaka chini. Akasema, "Haya, kaka Wilbard."

Hiyo haya yake imenikera mchana kutwa.

Jioni: mimi 31, yeye 4.

Jumatano, 8 Juni

Leo nimeona maajabu. Naandika taratibu ili nisiyaharibu.

Kuna mahali ukibofya, tarehe inajiandika. Ya leo. Hujaiambia. Nimefunga waraka, nikaisogeza saa ya mashine mpaka kesho, nikaufungua tena. Waraka ukasema kesho. Nikaisogeza mpaka mwaka 2000. Waraka ukasema 2000. Nikairudisha haraka, maana sikujua kama kuna mtu mwingine anaathirika.

Fikiria. Waraka usiozeeka. Mchungaji wetu amehubiri miaka mingi juu ya mambo kama haya bila kuonyesha mfano.

Nimeamua: matangazo yangu yote nayafutia tarehe ya zamani, nayawekea hii inayojiandika. Safi, yanafanana, na sina haja ya kuyasoma. Tangazo unalolisoma linakula dakika tisa. Usilolisoma, dakika mbili.

Veneranda akauliza, kwa upole wake ule, kama si vizuri kwanza kutenga matangazo yaliyokwisha kufa. Nikamjibu kwamba binadamu hufa, waraka hauna kifo. Akasema "Haya" ya pili.

Nyumbani nimemsimulia mke wangu Doris habari za tarehe. Akauliza kama inajua na siku nitakayoziba paa.

Mimi 77, yeye 19. Anaongeza kasi.

Alhamisi, 9 Juni

Nimemaliza matangazo, yote 96, na fomu ndogo ndogo nilizojirudishia kwa siri. Meneja akataka kila kilichokamilika kichapwe nakala moja aikague. Printa imelia kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Karatasi zikatoka za moto, nyeupe, zimenyooka kama watoto wa kipaimara. Nimesimama hapo nikizipokea moja moja.

Mzee Hamisi amezichukua. Nilidhani anampelekea meneja.

Ijumaa, 10 Juni

Meneja amepita, akatazama chati. Mimi 118, yeye 37. Akasema, "Hm." Nimeichambua hiyo hm tangu saa nne. Naona ilipanda mwishoni. Hm ya kushuka ni mbaya, ya kupanda ni ya kupandisha cheo.

Baadaye. Nilipita Kambi Namba Moja nikakuta vijana wanne wanamtafuta fahali. Nikauliza fahali gani. Wakasema yule mwekundu mwenye kovu begani, aliyepotea, limebandikwa tangazo, tarehe ni ya jana.

Fahali yule alipotea 1988. Tulimkuta amekwisha kuliwa.

Nimemkimbilia Mzee Hamisi. Akanieleza bila wasiwasi. Utaratibu ni wa marehemu Mzee Melkizedeki, meneja wetu wa zamani: tangazo lenye tarehe ya nyuma linarudi masjala, lenye tarehe ya leo linabandikwa kabla jua halijazama. Yaliyoandikwa katikati tarishi hayamhusu. Alitazama kichwa, akatazama tarehe. Yote 96 yalikuwa ya siku ile ile. Amesema katika miaka kumi na tisa hajaona ofisi imeamka namna ile. Amekoroga uji wa muhogo debe zima kwa ajili ya kubandikia. Kambi zote. Na furushi moja akalitia kwenye lori la kwenda Bombo na Mhezi, kama zamani.

Nimekaa chini nikayasoma matangazo yangu kwa mara ya kwanza.

Mengi hayana madhara. Chanjo ya mbwa. Kukatazwa kuanika singa za mkonge kwenye uzio wa shule. Halafu hili, la mwaka 1987, enzi sukari ilipokuwa ya mgao:

"Jumamosi hii ni msaragambo wa barabara. Kila kaya itoe mtu mmoja na jembe. Atakayefanya kazi mpaka mwisho atapewa kilo mbili za sukari. Melkizedeki, Meneja."

Jumamosi hii ni kesho. Mzee Melkizedeki tumemzika 1989.

Nimebandua nakala ya Kambi Namba Moja. Namba Mbili nimekuta watu ishirini wamesimama mbele yake, mmoja anawasomea wengine. Nimerudi nyumbani. Mkakati: kunyamaza. Karatasi moja haiwezi kutikisa mlima.

Jumamosi, 11 Juni

Pembe imelia saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Sikuwa nimeisikia pembe ya msaragambo tangu nishuke mlimani. Kwetu ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, barabara ya wote inachimbwa na wote, na asiyetoka atasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Nilidhani mambo hayo yamekwisha, siku hizi kila mtu na kibanda chake cha biashara. Nikatoka na kanzu ya kulalia. Njia nzima ya kutoka milimani ilikuwa inashuka watu. Mia tatu na kitu. Wametembea tangu gizani. Majembe, sururu, akina mama wanaimba. Watu wa kambini, wa kutoka Kigoma na Njombe, wakauliza msaragambo ni kitu gani. Waliposikia neno sukari hawakuuliza tena, wakafuata majembe.

Bwana Hezroni akatoka na kikombe cha chai. Mbele ya kundi alikuwepo Mzee Aminieli wa Mhezi, ambaye ameshika pembe ya kijiji tangu mimi mtoto. Meneja akamwamkia shikamoo, kwa adabu kabisa.

"Marahaba, mwanangu. Jembe lako liko wapi?"

Meneja akaonyeshwa karatasi. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza huyu Melkizedeki ni nani. Nikamnong'oneza. Akamgeukia mzee, akamweleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba aliyeandika hivi amefariki miaka mitano iliyopita.

"Najua," akasema Mzee Aminieli. "Kaburi lake nimechimba mimi. Ndiyo maana tumewahi."

Wakaenda barabarani. Lile korongo linalotutenga na Same lina masika mawili sasa. Greda tuliloahidiwa halijafika. Malori yetu yanazunguka mbali mpaka mkonge unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Nimepanda kichuguu kutazama. Mawe yalikuwa yanapita mkono kwa mkono kutoka mlimani kama yana miguu. Hakuna msimamizi, hakuna orodha, hakuna aliyetaja jina la mwenzake kwa hasira. Saa saba korongo limejaa, limeshindiliwa, lori limepita juu yake na dereva amepiga honi bila sababu. Nimeona leo kitu kikubwa kuliko tarehe inayojiandika.

Halafu wakaja wakaketi mbele ya ofisi, wote, kimya, wakitutazama.

Uso wa meneja ulikuwa na rangi ya singa. Akatuita mimi na Veneranda. Akauliza nani amehusika na tangazo hili. Niliona mlango wa masjala unafungwa mbele ya pua yangu. Nikasema, kwa masikitiko makubwa, ni Veneranda. Akataka maandishi. Nikamwandikia maelezo ya mistari sita, nikaweka sahihi.

Veneranda akanitazama. Akasema, "Kaka Wilbard." Basi. Akamwambia meneja yeye alikuwa na fomu. Meneja akasema hayo tutayaongea Jumatatu, sasa hivi kuna watu mia tatu.

Lori likaenda Same kufuata sukari, kwa barabara mpya, likarudi kabla ya saa kumi. Zamani tulipanga mawe kwenye foleni yashike nafasi zetu, na sukari haikuja. Leo magunia yamepandana madukani mpaka darini. Kila mtu amebeba zake mbili. Mzee Aminieli amekuja kuniaga. Amesema nimsalimie Melkizedeki.

Jumatatu, 13 Juni

Nimeingia na uso wa msiba, tayari kumfariji Veneranda.

Meneja alikuwa anacheka. Wenye shamba walikuja jana na gari dogo, na kwa mara ya kwanza halikusukumwa. Wameikagua barabara kwa miguu, wakavua kofia. Wameuliza ni nani mwenye akili ya kuamsha desturi ya wenyeji namna hiyo. Meneja akawaonyesha karatasi yangu ya mistari sita.

Veneranda amekana tena, wazi, mbele yangu. Meneja akaniambia nione mfano: mfanyakazi bora hajisifu.

Nikaona sasa ni wakati wa ukweli. Nimesema ni mimi. Tangazo nimelihamisha mimi, tarehe nimeiweka mimi, barabara, kwa namna fulani, ni yangu. Meneja akafungua droo, akanisomea maelezo yangu kwa sauti, pole pole. Akauliza kama sahihi ile ni yangu.

Ni yangu. Ina mkia.

Masjala ni ya Veneranda. Mimi kuanzia kesho niko Kambi Namba Nne, kuhesabu matita ya mkonge. Wakati nakusanya kalamu zangu amenishukuru kwa kumshuhudia. Hakutabasamu. Nimeangalia vizuri. Labda pembeni kidogo.

Jumatano, 15 Juni

Namba Nne ni porini. Siku ya pili tu na nimekwisha kuiona kasoro yao. Nyapara, Tomaso, anahesabu matita kwa chaki kwenye ubao. Alama tano tano, jioni anafuta. Miaka yote hiyo ya kazi imefutwa kwa kitambaa kichafu. Nimesisimka.

Nimemwandikia Bwana Hezroni barua ya kurasa tatu. Napendekeza ubao wote uhamishiwe kwenye kompyuta, hapa hapa kambini, chini ya Mkuu wa Kitengo mwenye uzoefu wa kuhamisha. Sikutaja jina, ameelimika, ataelewa. Nimeambatisha maelezo yaliyosainiwa kwamba uzembe wa chaki ni wa Tomaso. Kwa ajili ya mashine nimekwisha kuchagua kona isiyovuja, na vijana wawili wameifagia.

Kambi Namba Nne haina umeme.