Kimea cha Kumrudisha Mwanamisi

Jumatatu, 6 Agosti 1951. Kitui.
Mke wangu Mwanamisi bado yuko Mwingi kwa baba yake. Kosa langu eti ni kuuza mbuzi wake ninunue gramafoni. Haina sindano, lakini ningejuaje? Leo ujumbe umefika: baba yake, mzee Abubakar, atakuja Jumapili kula kwangu. Akiridhika, atarudi Mwingi amwambie Mwanamisi aje. Asiporidhika, sina mke. Hata usingizi wa mchana umenikataa.

Jumanne, 7 Agosti.
Bahati! Barazani bwana shamba alieleza kwamba nafaka ikirowekwa na kuachwa iote huwa tamu, haisumbui tumbo, na nguvu yake huongezeka. Alipofika kwenye "lakini" nikaondoka. Niliyosikia yalinitosha. Mzee atakula ugali ambao hajawahi kuuona! Nimeroweka wimbi wote uliokuwa nyumbani.

Alhamisi, 9 Agosti.
Punje zimetoa vijimizizi vyeupe chini ya gunia bichi. Nazinyunyizia maji na kuzisifu. Jirani yangu Kasyoka, muuza uji sokoni, akachungulia uani. Akasema kimea, yaani nafaka iliyooteshwa hivi, hutiwa kijiko tu, kulegeza uji mzito. Ugali wa kimea kitupu hausimami. Wivu! Nikamwambia mimi sipiki uji. Akaenda zake akicheka.

Ijumaa, 10 Agosti.
Nilianika kimea nikaenda msikitini. Kurudi, kuku wa Kasyoka wamejaa mkekani, hata kukimbia hawawezi kwa shibe. Hujuma! Kasyoka anasema kuku hawajui Ijumaa. Nimesaga kilichobaki.

Jumapili, 12 Agosti.
Aibu! Maji yalichemka, nikatia unga, ukashika vizuri. Mwiko ukasimama wenyewe. Nikamwita mzee ashuhudie. Mwiko ukainama, kisha ukalala. Ugali ukayeyuka mbele ya mkwe! Nikaongeza unga mpaka mfuko ukaisha, nao ukazidi kuwa maji. Nilimwona Mwanamisi akizeekea Mwingi. Nililia, ingawa nilisingizia moshi.

Mzee akaomba kikombe. Akanywa. Akaomba cha pili. Akasema tangu meno yamtoke hakuna aliyemkumbuka. Binti yake humpikia ugali mgumu kama jiwe la kusagia. Akanikumbatia, akaniita mwanangu. Nimeshinda! Kasyoka alikuwa akitazama kutoka kwake. Nikamwinulia mwiko.

Jumatano, 15 Agosti.
Mzee haondoki. Anasema kwa nini arudi Mwingi kwenye ugali mgumu? Ameagiza hata mto wake kutoka Mwingi. Mwanamisi ametuma salamu: hawezi kuja mpaka baba yake arudi, nani atachunga mbuzi wa mzee? Tena anasema anapumzika vizuri sana. Wimbi umeisha, sasa nanunua kimea kwa Kasyoka, naye ananipimia huku akiuliza kama ni cha ugali.

Nampenda mzee, lakini namtaka mke wangu. Leo, kwa bahati, bwana shamba alikuwa barazani tena. Alisema maharagwe yakipikwa bila kurowekwa huvimbisha tumbo mpaka mtu atamani kurudi kwao. Nikasimama papo hapo. Alipofika kwenye "lakini", nilikuwa njiani na kibaba changu cha maharagwe.