Unga Wenye Pembe Sita

Tangazo lilitoka asubuhi, na kila mpenda maendeleo akafurahi: ni marufuku mtumishi wa umma kuwa na kitu chenye pembe bila kibali cha maandishi. Kitu kitapelekwa bohari, mwenyewe atasimamishwa kazi.

Chanzo kilikuwa Mkemia. Mwaka mzima mama huyu alichunguza unga wa hidroksidi ya alumini, ule wa dawa ya kiungulia, ajue kwa nini kopo moja hutuliza tumbo na jingine halifui dafu. Akaupiga eksirei, akautia kwenye hadubini, akaandika kwa furaha: "Fuwele zimejipanga tabaka kwa tabaka. Kila chembe ni bapa, ina pembe sita."

Mkurugenzi aliposoma aliruka kitini.

"Sita! Ng'ombe mzima ana mbili! Mnafuga nini humo maabara?"

"Bosi, ni pembe za umbo tu."

"Usinizungushe, dada. Pembe ni pembe."

Akaandika waraka ule wa marufuku, akamtuma Mkaguzi, mtu mwadilifu asiyejua kupindisha sheria wala kuielewa. Alianza kuhesabu pembe za unga mojamoja, akafika mia nne, akapiga chafya, akaanza upya. Kisha akabeba makopo yote na kutoa fomu ya kumsimamisha Mkemia. Mama wa watu alilia kweli. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa inaondoka kwa mkokoteni.

"Lakini baba," akasema akifuta kamasi, "hata hiyo fomu ina pembe nne."

Mkaguzi akaitazama. Akaigeuza. Akahesabu kwa kidole.

"Lahaula! Na waraka wenyewe je?"

"Nne vilevile."

Sheria ni msumeno. Waraka ukaenda bohari pamoja na fomu, na kwa kuwa waraka ulikamatwa kabla unga haujafika bohari, hapakuwa na karatasi ya kuuzuia; Mkemia akarudishiwa makopo yake. Mkaguzi, aliyekwisha kuikariri marufuku, akapanda ghorofani kwa Mkurugenzi. Alikuta meza, pembe nne. Ofisi, pembe nane.

"Kibali, mheshimiwa?"

"Kibali natoa mimi, bwana!" Mkurugenzi akavuta karatasi aandike.

Mkaguzi akamshika mkono. "Mzee, hiyo nayo haina kibali."

Hadi leo Mkurugenzi, aliyesimamishwa kazi na ofisi yake kufungwa, yuko korido na mkasi, anakata karatasi ya duara aandikie rufaa. Mkemia akipita, huinama kwa heshima.

"Pole na kazi, bosi. Hapo bado kuna kapembe."