Neno Lililokuwa Kwenye Kamba ya Bweni Mariamu

Wenzangu wa Hell-Ville, leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, mbele ya baba mkwe wangu mtarajiwa, kwa sababu ya herufi mbili tu.

(Naandika kwa Kiswahili cha marehemu bibi makusudi. Atakayewaletea barua hii ni mpekuzi, na Kiswahili hakijui. Maneno ya watu yalisemwa nusu Kimalagasi, nusu Kingazija; nawatafsiria.)

Tangu uhuru, vijana wa Mahajanga tumeshikwa na homa ya Kiingereza. Anayekijua kidogo ni Mzee Salimu, aliyekuwa karani wa bandarini akihesabu shehena za meli za Waingereza. Ndiye baba yake Zaina. (Zaina mnamjua. Sijaandika barua hata moja bila yeye.) Kila Alhamisi asubuhi Mzee hutupatia herufi mbili pale dukani kwa Fundi Hamadi, mshona nguo. Alasiri turudi na neno la Kiingereza lenye herufi zote mbili. Kamusi hatuna, kwa hiyo maneno tunayawinda mjini: kwenye makopo, masanduku, hata viberiti. Sharti ni moja. Useme neno umelionea wapi, na kundi zima liende kulitazama. Sharti hilo lilikuja baada ya Ali muuza mikate kuleta neno alilodai ameliona ubavuni mwa meli iliyokwisha kung'oa nanga.

Sasa, kesho Ijumaa wazee wangu wanapeleka posa kwa Mzee Salimu. Na Mzee alishatangaza kwamba binti yake hampi mwongo wala mvivu wa akili. Leo ilikuwa lazima nishinde.

Akatupatia W na G.

W! Kimalagasi hakina herufi hiyo kabisa, na Wafaransa wanaitumia kwa ubahili. Waingereza waliiokota wapi, na wanaifanyia nini? Nikazunguka mji mzima. Bandarini, Kifaransa. Dukani kwa Mhindi niligeuza makopo ya chai mpaka akauliza, "Wewe unanunua au unakagua?" Magunia ya sukari ya kwenu Dzamandzar nayo, Kifaransa kitupu! Nikipata W, G haipo. Nikipata G, W imeshaenda zake. Ikafika mahali nikasahau hata posa, nataka tu kujua kwa nini hizi mbili zinakimbiana.

Saa saba nikapita mtaa wa Mahabibo, nyuma ya nyumba ya Mzee Salimu. (Ndiyo, najua. Njia ya kwetu haipiti huko.) Juu ya ua wa mabati nikaona kamba ya nguo, na kwenye kitambaa cheupe maandishi ya bluu yaliyofifia: NET WEIGHT. W ipo! G ipo! Gunia la unga wa Marekani hilo, wino wake hautoki kwa sabuni. Nikasimama kwa ncha za vidole, nikatoa penseli na daftari, nikanakili herufi moja moja. Nilipomaliza ndipo upepo ukakijaza kile kitambaa.

Lilikuwa gagulo. Sketi ya ndani, iliyoshonwa kwa gunia! Pana. Na mwenye kiuno kile nyumbani mle ni mmoja tu: Bweni Mariamu, mke wa Mzee. (Bweni ndivyo Wangazija wanavyomwita mwanamke wa kuheshimiwa. Na mimi ndiyo heshima yangu hiyo.)

Nikajifariji. Nitasema nimeliona kwenye gunia la unga. Magunia ya unga yamejaa mjini, nani ataulizia?

Alasiri tukakutana. Ali kaleta neno "wagon". Mzee akalikataa. "Hilo hata Wafaransa wanalo." Nikatoa langu. Macho yakamng'aa Mzee.

"Hilo ndilo! Umelionea wapi, mwanangu?"

(Mwanangu! Kaniita mwanangu!)

"Kwenye gunia la unga, mzee."

"Liko wapi?"

"Mahabibo."

"Mahabibo kwa nani?"

Nikidanganya, nimemkosa Zaina. Nikisema kweli, pia nimemkosa.

"Kwako, mzee, kwenye kamba."

Akaruka kama kijana. "Kwangu! Mnasikia? Kiingereza kimo nyumbani kwangu na mimi sina habari! Twendeni!"

Watu saba nyuma yake, mimi wa mwisho, nikiomba mvua inyeshe. Tukasimama kwenye mlango wa ua. Mzee akapiga hodi, akaingia. Kamba ilikuwa tupu! Nikapumua. Nikamshukuru Mungu mapema mno, maana Mzee alipaza sauti:

"Mama Zaina! Lile gunia la Kiingereza lililokuwa kwenye kamba liko wapi?"

Bweni Mariamu akatoka. Akamtazama mumewe. Akatutazama sisi. Akalitazama daftari langu.

"Nimelivaa," akasema.

Nyuma ya dirisha nikamsikia Zaina anacheka mpaka anakohoa.

"Lakini sharti ni tulione kwa macho," akanong'ona Ali. Akala fimbo ya Mzee mgongoni.

Kisha Mzee akanigeukia mimi. "Kopo la mafuta ya cherehani ya Fundi Hamadi limeandikwa SEWING! Liko mbele ya pua yako tangu asubuhi! Wewe ukaja kumsoma mke wangu!"

Nikajua basi, posa imekufa. Niliumia, sitawaficha. Ndipo Bweni akauliza, taratibu kabisa:

"Hilo neno maana yake nini?"

Njiani Mzee alishatueleza maana, na sikuwa na akili ya kutunga kitu kingine.

"Uzito, Bweni."

Midomo ikamcheza.

"Angalau hasemi uongo," akamwambia mumewe. "Wazee wake waje kesho. Mwanamume mwenye macho kama haya aozwe haraka, asome nguo za mkewe."

Basi msicheke. Posa imekubaliwa kabla haijafika, ila Bweni anataka wazee waje na kitu kimoja zaidi: kitambaa cheupe, yadi nne, kisicho na hata herufi moja.