Njia Kumi na Moja za Kilele cha Pili

Jumatano, tarehe 4

Nimeshajiandikisha. Kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, ili wengine wakate tamaa mapema. Nafasi ni moja tu: msaidizi wa waongoza wapanda mlima, na koti jekundu lenye mifuko saba. Mtihani wenyewe wa kitoto. Unaanzia getini, unauzunguka mlima kupitia vilele vitatu, unalala malishoni mara mbili, unarudi getini pale pale kabla ya Jumamosi jioni. Kila kilele kina mkebe wenye mhuri. Unagonga kadi yako, unaendelea.

Tumejitokeza wawili. Mwenzangu ni binti wa seremala wa mtaani kwetu. Anatembea kama anapima sakafu. Nimemwambia asijisumbue, koti lenyewe litampita magoti. Kanijibu atalipunguza.

Nikishindwa, Jumatatu naanza kwa shemeji, mume wa dada. Ana karakana ya ngozi. Kazi ni kukwangua ngozi mbichi zilizolowekwa kwenye chokaa. Niliwahi kushinda pale siku moja. Paka wa jirani akanikwepa wiki nzima.

Na mtaa mzima nimeshautangazia kuwa koti ni langu.

Alhamisi, tarehe 5

Mkuu wa waongozaji tunamwita Filimbi, maana haimtoki shingoni. Asubuhi katugawia kadi, ramani na orodha ya vitu vya kubeba. Soksi nzito. Koti la mvua. Kamba ya mita thelathini. Binti wa seremala kabeba vyote, hadi kamba. Ya kumfunga nani? Mimi nimebeba mkate, kioo na mafuta ya nywele. Miguuni, viatu vya shemeji, vile alivyojishonea mwenyewe kwa mkono na kuviweka juu ya kabati visiguswe na vumbi. Hajui. Atajua nikivirudisha nimevaa koti.

Jamani, huu mlima unapanda! Nilidhani utapanda kidogo, halafu na wenyewe upumzike. Baada ya saa mbili mapafu yakaanza kupiga mluzi. Baada ya saa nne nikapitwa na bibi kizee mwenye kopo la maziwa mgongoni, wa umri wa kumzaa Filimbi. Akanipa pole. Mimi! Akasema hiyo ndiyo njia yake ya kila siku, ng'ombe wake wako malisho ya juu. Nikamwambia naenda taratibu ili nione mandhari. Akaniuliza mbona nimefumba macho.

Kilele cha kwanza nimefika, ingawa nusu yake kwa magoti. Mhuri mmoja. Binti wa seremala alikuwa ameshafika, ameshakula, anashona kifungo.

Sasa tuko kibandani malishoni, ng'ombe wanapumulia dirishani. Nimefungua ramani, na nusura nipige ukelele. Njia ya mtihani imechorwa kwa rangi nyekundu, inazunguka weee, kama mtu aliyesahau kwao. Lakini kati ya hapa na kilele cha pili kuna mistari ya kahawia, myembamba, imejaa tele. Njia! Nimezihesabu: kumi na moja. Mahali fulani zimebanana hadi zinagusana. Hapo bila shaka pana soko. Binti wa seremala ana ramani hii hii na hajaona kitu. Na huyo kamaliza shule.

Ijumaa, tarehe 6

Mwandiko huu usiulaumu, vidole vimechubuka kwa jiwe.

Niliondoka alfajiri kukatiza malisho. Nyasi laini, kengele za ng'ombe, raha tupu. Njia ya kwanza sikuiona. Ya pili pia. Nikasema zimeotewa na nyasi. Nikafika pale pa soko. Hakuna soko. Kuna ukuta wa jiwe, umesimama wima kama kabati! Nikakubaliana na akili yangu kwamba njia ziko huko juu. Nikaparamia.

Nilikwama kwenye kidato cha jiwe chenye upana wa benchi. Juu hakupandiki, chini hakushukiki. Soli ya kushoto ya shemeji ikabanduka, ikaanguka. Nikaisikia ikigonga jiwe, ikagonga tena, ikagonga tena. Nikaacha kusikiliza.

Bibi wa maziwa akatokea chini. Akaniita, "Mjukuu wangu, unatafuta nini huko? Hata mbuzi hawaendi."

Nikamjibu nimefuata njia. Akauliza ipi. Nikamwambia ziko kumi na moja. Akauliza kama tangu asubuhi nimekula. Kisha akatua kopo na kukimbia. Bibi yule, anakimbia!

Akarudi na binti wa seremala, aliyekuwa ameshagonga mhuri wa pili na anaelekea wa tatu. Binti akazunguka kwa pembeni hadi jiwe lililo juu yangu, akafunga kamba, akaniteremshia ncha nijifunge kiunoni. Akasema, "Usiangalie chini." Nikaangalia chini. Kioo nacho kikaenda. Akanishusha polepole kama ndoo ya kisima, na mimi njiani nikiita majina ya ukoo mzima.

Tulipomaliza jua lilikuwa limeshageuka. Nikamwambia, kwa wema tu, kwamba amejipotezea muda. Alikuwa anatazama kilele cha tatu kinavyomezwa na ukungu.

Jumamosi, tarehe 7

Tumeshuka kwa njia ya bibi. Mimi mhuri mmoja na kiatu kimoja na nusu. Yeye mihuri miwili. Nikapiga hesabu: wote tumefeli, mtihani utarudiwa.

Filimbi akazitazama kadi. Bibi alishampelekea maziwa, na habari zote. Akatoa koti, akampa binti wa seremala! Nikalalamika kwamba ana miwili tu. Akasema, "Mihuri hata mimi naweza kuigonga. Nilitaka mtu wa kumrudisha mtu."

Sasa huyo mtu aliyerudishwa ni nani? Si mimi? Bila mimi angerudi na mihuri mitatu mitupu. Koti nimempa mimi, na hata asante hajasema.

Filimbi kanieleza pia kuwa mistari ya kahawia si njia, inaonyesha kimo cha ardhi, na ikibanana ujue ni genge la mwamba wima. Nikamtazama kwa huruma. Nimeuparamia mlima huo kwa mikono yangu na sijaona mstari hata mmoja.

Viatu nimevirudisha juu ya kabati. Pasipo na soli pameelekea ukutani.

Jumatatu, tarehe 9

Jana shemeji aliviteremsha viatu vyake kabatini. Leo kanionyesha pipa la chokaa kwa kidole tu. Rundo langu ni mara mbili ya la wenzangu. Paka kashahama.

Lakini habari njema! Filimbi anataka msaidizi mwingine mwisho wa mwezi, mzunguko ule ule. Nimeshajiandikisha, kalamu nyekundu. Ramani sikuirudisha. Mistari ya kahawia nimeachana nayo, ni ya kupotosha watu. Safari hii nimeona wa bluu. Mmoja tu, kwa hiyo ndiyo barabara kuu. Unaanzia chini kidogo ya kilele cha tatu na kuja hadi getini, haupandi popote. Mahali fulani mistari yote ya kahawia imerundikana juu yake. Hapo lazima wamejenga ngazi.

Binti wa seremala aende na kamba yake. Mimi nitateremka pale kama maji.