Marehemu Mwenye Nywele Laini

Cirhuza alipomwona mwanamke mwenye kipara akikata soko la Kamembe, upande wa Rwanda, moja kwa moja kuelekea kibanda chake, alimtambua papo hapo. Alikuwa Véronique, mchuuzi wa vitenge kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, na kopo la defrizan lililomuunguza kichwa alikuwa amelinunua hapohapo kibandani. Kopo lenyewe lilikuwa limeshapitwa na wakati. Cirhuza alilibandika tu karatasi mpya. Akaanza kutafuta pa kutokea kwa nyuma.

Ieleweke kwamba Cirhuza hakuwa mwizi. Mwizi huja usiku. Yeye aliuza dawa ya kulainisha nywele mchana kweupe, tena kwa tabasamu, na tangazo lake alilibeba mwenyewe kichwani: nywele laini zilizong'aa na kumwagika mpaka mabegani. Huku na huko mpakani, watu walizijua nywele zile kuliko sura yake. Bahati mbaya wanawake walikuwa wameichoka dawa. Walikata zilizoungua, wakaanza upya na nywele zao za kuzaliwa. Makatoni ya defrizan yakabaki yamelala, na Papa Mukengere, jirani muuza masufuria, alikitolea macho kile kibanda cha Cirhuza cha kona bila hata kujificha.

Véronique alikuwa bado hajafika kibandani wakati Maman Bernadette, mkubwa wa wamama wa soko, alipokiona kile kipara. Aliacha mananasi yake, akaja kumkumbatia.

"Pole, maman. Bwana njo amekwenda?"

Pande zile, mwanamke akinyoa kichwa chote, watu hawaulizi sana; wanajua amefiwa na mume. Kabla Véronique hajajibu, wengine walishamzunguka, mmoja analia kabisa. Alipofika kibandani alikuwa amebeba sukari, sabuni na kuku mzima, na hasira aliyotoka nayo nyumbani ilikuwa imevurugika.

"Ni weye uliniunguza kichwa," akasema. "Na sasa batu banasema niko mujane."

Cirhuza alimtazama kuku. Akaacha kutafuta njia ya kutokea.

"Véro, weye unaona msiba. Miye ninaona kazi. Uko na bwana?"

"Sina."

"Basi bwana yako ni miye. Nimekufa."

"Umekufa na nini?"

"Na tumbo. Tumbo haina maulizo mengi."

Mambo yalikuwa hivi. Kwa miaka, kila Cirhuza alipoombwa mchango wa harusi au wa mgonjwa, alijibu kwa masikitiko kwamba bibi yake wa Bukavu amekataa. Soko zima lilimchukia yule bibi kwa ubahili, na hakuna aliyewahi kumwona, kwa kuwa hakuwepo. Sasa alikuwa amepatikana, tena amekwisha kunyolewa.

"Mukengere atanunua kibanda kwako kwa bei ya wizi, na atafurahi," Cirhuza akaeleza. "Tunagawana franga. Kisha miye ninarudi: nilikuwa mugonjwa tu, nani ameuza kibanda yangu? Atafanya nini?"

"Na kichwa yangu?"

"Kichwa gani?"

"Hii uliunguza. Hujaniambia hata pole."

"Nywele zinaota tena, Véro."

Véronique alijishika kipara, akamchukua kuku wake. Mtu mwingine angeogopa. Cirhuza alihesabu kuwa amekubali.

Akavuka daraja la mpakani, akajificha kwa rafiki yake aliyekaa Kadutu, mtaa wa Bukavu, na kwa kuwa nywele zake zingemsaliti, akaenda kwa kinyozi akazinyoa zote. Zilipoanguka sakafuni alilia, na katika msiba ule mzima hakuna aliyelia kwa moyo kama yeye.

Habari za matanga alizipata kwa wachuuzi. Soko lilifungwa, na kwamba mjane alinyoa kabla ya kifo, watu walisema alikuwa ameonywa na ndoto. Maman Bernadette alisimama mbele ya watu akasema marehemu alikuwa na roho nzuri ila bibi alimshika shingo. Watu walichanga mchele, mafuta, hata sanduku la kuzikia, ingawa waliambiwa ameshazikwa kwao Kabare. Cirhuza aliguswa. Hakuwahi kujua kwamba anapendwa, na akajutia kidogo kutokufa mapema.

Ila Véronique hakuleta mgawo. Majuma yakapita, nywele zikamwota Cirhuza, fupi, ngumu, zimejikunja, nywele ambazo hakuwa ameziona tangu ujanani. Mwishowe uvumilivu ulimwishia, akavuka kwenda kufufuka.

Kibanda cha kona kilikuwa kimepakwa rangi. Hapakuwa na kopo hata moja la defrizan. Palikuwa na siagi ya shea, sabuni nyeusi na vitana vya meno mapana. Wanawake walipanga foleni. Véronique, nywele zake zimeota vizuri kama manyoya ya mwanakondoo, alikuwa anamwonyesha mmoja jinsi ya kuchana bila kukata. Makatoni ya defrizan yalikuwa kwa Mukengere, yamepangwa mpaka kwenye bati. Aliyanunua yote kwa mjane, akiamini mjane hajui bei.

"Véro, kibanda yangu."

"Sauti chini," Véronique akasema bila kugeuka. "Maman Bernadette alinikataza kukiuza. Wamama balisimama na miye, kibanda kimeandikwa kwa jina yangu, mujane. Na wamama hawa njo balichanga sanduku. Ukisema uko hai, utarudisha mchele, utarudisha mafuta, na kuku utaeleza weye."

Mukengere alikuwa ameshamwona. Akaja mbio na tumaini jipya usoni.

"Ni yeye. Ni Cirhuza. Hajakufa, nirudishiwe franga zangu."

Watu wakakusanyika. Maman Bernadette akaja na kisu chake cha mananasi mkononi, akamkagua yule mgeni polepole kuanzia juu.

"Marehemu alikuwa na nywele laini," akasema. "Lakini kama njo yeye, aseme mwenyewe. Tutafurahi sana kumuona."

Cirhuza alikitazama kisu. Akawatazama wamama, wengi kuliko alivyodhani. Uongo wote aliokuwa nao maishani alikuwa ameshautumia, ukabaki mmoja.

"Miye ni mudogo wake," akasema.

Soko likapumua. Walimkumbatia, wakamlilia, mtu akamtia sabuni mkononi. Mukengere alirudi kwenye makatoni yake.

"Shemeji," Véronique akasema mbele ya wote, "unaingia kwa mujane bila kumupa pole?"

Wamama wakasogea kusikiliza. Cirhuza akakitazama kile kichwa alichokiunguza. Hapo tu ndipo alipoona kovu nyuma ya sikio, mahali ambapo nywele zilikuwa zimekataa kuota. Haya ikamshika.

"Pole, Véro," akasema, na safari hii hakuwa anauza kitu. "Pole sana."

"Asante." Akamvutia kiti, akamketisha mbele ya foleni, akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Wamama, angalieni. Nywele hii haijaguswa na dawa hata siku moja."

"Ni kweli?" akauliza mteja wa mbele.

"Haijaguswa," akajibu marehemu, na yule mwanamke akanunua siagi mbili.