Ndoo ya Kupokea Radi

Jumatatu, 7 Oktoba

Mawingu ya kwanza leo. Madogo tu, kama pamba ya kuzibia masikio. Mama watoto kayaona kabla yangu. Akaingia chumbani, nikasikia sanduku likiburutwa kutoka uvunguni.

Ndiyo hivyo. Kila msimu wa mvua hunihama. Hatugombani, hapana. Anaogopa radi, basi. Tunakaa ghorofani, chini ya mabati, na kilima chote hiki hakuna kilichotuzidi urefu ila mnara wa msikiti. Kwa dada yake kuna kinga ya radi. Aliyeifunga ni mume wa dada huyo, mwanyumba wangu, fundi umeme, mtu anayetembea na bisibisi mfukoni hata akienda mazikoni. Kwa hiyo mvua nzima mimi nala nilichokiunguza mwenyewe, na mke wangu yuko huko anamsifu shemeji yake.

Mwaka huu hapana! Nimemwomba asubiri hadi Jumapili. Nimemwambia nyumba hii nitaiwekea kinga, tena bora kuliko ile. Akanitazama vile anavyotazama maziwa ya juzi. Lakini akakubali. Sanduku limebaki wazi.

Alhamdulillahi. Muda ninao. Utaalamu Mungu ataleta.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepita kwa mwanyumba kama mtu wa kusalimia tu. Nimekunywa chai yake, jicho liko paani. Kumbe si kitu! Fimbo ya shaba juu, waya mnene unashuka ukutani, unaingia ardhini. Kwisha. Mimi fundi bati, mikono hii imetoa ndoo, mabirika na faneli za mtaa mzima, nishindwe na fimbo?

Na kasoro nimeiona papo hapo. Ncha moja! Radi inakuja mbio, imekasirika, halafu unaipa mlango mmoja, mwembamba kama tundu la sindano. Lazima igombane na mlango. Yangu itakuwa na ncha nyingi, kila radi ichague yake.

Mwanyumba akauliza shingo yangu ina nini, mbona naangalia juu tu. Nikasema natazama njiwa wake. Akasema hafugi njiwa. Nikaaga.

Jumatano, 9 Oktoba

Ncha nimezipata. Nyuma ya kabati, ndani ya boksi lenye utepe: uma! Seti nzima, zawadi ya harusi yetu, kutoka kwa mwanyumba huyo huyo. Hazijawahi kugusa chakula. Mama watoto husema ni za wageni, na nadhani mgeni wa kustahili uma zile hajazaliwa. Nimezilehemu kuzunguka bomba, meno juu. Zimekaa kama taji. Zimependeza mpaka nikaziombea dhidi ya kijicho.

Tatizo liko chini. Mwenye nyumba wetu, anayekaa hapo chini, sisi tunamwita Bi Sementi, maana ameusakafia ua wote kwa kuchukia tope. Nimemwomba kwa adabu kitobo kimoja tu, cha kuzikia waya. Akauliza, nikizikwa mimi nitahitaji kitobo cha ukubwa gani? Akaongeza kwamba atakayeigusa sementi yake kwa nyundo aanze kutafuta chumba kwingine. Nikamwambia shikamoo, ingawa nilikwisha kumwamkia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepata! Niko bado kwenye mkeka baada ya swala ya alfajiri, wazo likaniingia lenyewe, sikulisukuma. Waya lazima uingie ardhini. Haya, ardhi ni nini? Udongo. Na udongo unakataa kupanda ngazi? Haukatai!

Nimechukua ndoo yangu kubwa kuliko zote, bati nene, ile aliyoiagiza muuza maziwa halafu akaacha kufuga. Nimeijaza udongo mweusi wa bondeni. Nimeipandisha ghorofani peke yangu, kiuno changu ni shahidi, nikaiweka roshani. Uma ziko paani, waya unashuka, unazama ndani ya ndoo mpaka kitakoni. Ardhi imenifuata nyumbani!

Na faida yake jamani. Mpangaji akihama, anahama na ardhi yake. Wapangaji wangapi duniani wamekatazwa kuchimba? Mola wangu, usinipe kiburi. Ila wateja nipe.

Mama watoto akauliza ndoo ni ya nini. Nikasema usalama. Jioni nakuta kapanda mchicha. Nimeuacha. Mizizi itasaidia kushika umeme.

Ijumaa, 11 Oktoba

Baada ya swala nimemfuata imamu. Mnara ule mrefu, nikamwambia, unahitaji ndoo. Imamu ni mtu wa subira. Amesikiliza yote, mkono kwenye ndevu. Akasema ni kweli, dua haimkatazi mtu kuziba paa linalovuja. Nikafurahi. Halafu akauliza kama mwanyumba ameiona.

Mwanyumba, mwanyumba! Nchi nzima haina macho ila yake?

Narudi nyumbani, mama watoto ana wimbo ule ule. Hakai chini ya kitu ambacho shemeji yake hajakikagua. Haya. Na aje. Ukweli hauogopi bisibisi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Amekuja. Akatazama juu. Akauliza kama zile ni uma zake. Nikasema zilikuwa zake, akatoa. Mama watoto akatokea mlangoni, akauliza uma gani.

Hapo tuparuke.

Basi mwanyumba akaufuata waya kwa kidole, taratibu, mpaka kwenye ndoo. Akainama. Akachungulia chini ya ndoo aone unapotokea. Hautokei popote. Ndipo akacheka! Alicheka akakaa kwenye ngazi, akavua kofia akajipepea. Akasema, mwanyumba wangu, umeme hautafuti udongo, unatafuta pa kwenda. Ardhi ni pana, ukiifikia unatawanyika, unaishilia huko. Hapa umemwalika mgeni mwenye hasira, umemfungulia milango yote, umemkaribisha mpaka roshani, halafu umemfungia ndani ya ndoo na mchicha. Unadhani atatulia? Akanisihi niufungue waya leo hii. Afadhali nyumba isiyo na kitu kuliko hii.

Bi Sementi akapaza sauti kutoka chini, kulikoni? Akaelezwa. Akacheka naye! Mtu ambaye hajacheka tangu sementi ikauke.

Wivu una meno, na leo umeyaonyesha yote. Hata hivyo mimi si mtu wa kupuuza ushauri. Nimeimwagia ndoo maji ya kutosha. Udongo ulikuwa mkavu.

Jumapili, 13 Oktoba

Siku ya ahadi. Mchana mawingu yakashuka, meusi, karibu yakae kwenye mabati. Mama watoto kafunga sanduku. Nikamwambia atazame mwanaume anayeamini kazi ya mikono yake. Nikachukua kiti changu, nikakaa roshani, kando ya ndoo, tasbihi mkononi.

Ngurumo ya kwanza hata haikuwa kubwa, kama mtu anayesogeza kabati huko juu. Mkono ukanikamata kola. Sikujua mke wangu ana nguvu zile! Kanishusha ngazi kinyumenyume, sanduku mkono wa pili, huku akinipa maneno. Akasema kwamba miaka yote hii mimi nadhani anaogopa radi kwa ajili yake. Yeye huko kwa dada yake halali, kila mwanga ukipiga anawaza yule mkaidi aliyebaki chini ya mabati. Na kwamba akiandikiwa kuwa mjane atakuwa, lakini mjane wa ndoo, hapana!

Hajawahi kuniambia. Nilitaka kujibu kitu kizuri, kola ikanibana.

Tukamgongea Bi Sementi, tukakimbia watatu mpaka kwa mwanyumba. Tuko mezani, bado tunajifuta mvua, ikapiga. Mwanga mweupe ukajaza chumba, na mlio wa kupasua dunia. Upande wa kwetu.

Mwanyumba hakucheka. Kwa hilo Mungu amlipe.

Jumatatu, 14 Oktoba

Tumerudi. Nyumba imesimama, alhamdulillahi. Ndoo haipo. Kitako chake kiko juu ya tangi la Bi Sementi. Uma zimejikunja zikawa kama ngumi. Ukuta wote umepakwa udongo, mchicha umo, dirisha halimo. Redio yangu ya hotuba za asubuhi imeungua. Sementi ya Bi Sementi ni tope tupu, kona hadi kona.

Na kiti changu. Kimebaki miguu.

Mama watoto alikitazama kiti kile muda mrefu. Kisha akaenda kuteka maji ya kuoshea ukuta. Nikaswali rakaa mbili, nikazirefusha.

Bi Sementi mwenyewe ndiye aliyeleta sururu! Kamkabidhi mwanyumba, kamwonyesha pa kupasua. Mwanyumba kafunga fimbo, kashusha waya, kauzika ardhini kwa kina. Ncha moja. Nimemshikia ngazi. Sikutoa maoni, ila nilikohoa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua kubwa mchana, na ngurumo za kuamsha mizimu. Mama watoto kaketi kwenye dirisha jipya anachambua maharage, anaimba kidogo kidogo. Sanduku liko uvunguni. Mara ya kwanza tangu tuhamie hapa, mvua imetukuta pamoja. Nilimtazama mpaka moyo ukajaa.

Moyo ukijaa, akili yangu hufanya kazi. Nikaanza kufikiri.

Ndoo ilifaulu! Radi ingeweza kupiga popote katika mji huu. Iliitika mwito. Ikapita kwenye uma, ikafuata waya, ikaingia ndani ya ndoo kama nilivyoielekeza, bila kupotea njia hata kidogo. Kosa ni moja tu: ndoo ilikuwa ndogo. Mgeni mkubwa, chumba kidogo. Na ukubwa wa mguu nani anaujua kabla kiatu hakijapasuka?

Nimeanza pipa. Limekwisha fika roshani, udongo umefika nusu. Uma hakuna tena, nimechukua vijiko. Vijiko vina nafasi zaidi. Nitavifunga jirani kabisa na fimbo ya mwanyumba, halafu tuiachie radi yenyewe iamue fundi ni nani.

Mama watoto kapita na sinia lake la maharage. Kaona pipa. Kaona vijiko. Kaweka sinia chini, kaingia chumbani. Sasa hivi nasikia sanduku linaburutwa.

Nimemwuliza kupitia mlangoni, kulikoni tena, si kinga ya shemeji yake iko juu pale? Akajibu kwamba radi haiogopi tena hata chembe.

Ajabu. Sasa anakimbia nini? Nitamwuliza nikishalijaza pipa.