Jiwe la Mbinguni na Mbuzi Sita

Faradji alikuwa na kazi moja ya halali, na nyingine kadhaa ambazo si lazima tuzitaje. Ile ya halali ilikuwa kuwamiminia wazungu bia kwenye baraza la duka la Mreno mmoja, pale Kasongo. Wazungu wale waliamini kwamba mtu mweusi aliyeshika sinia hana masikio, na Faradji, kwa heshima zote, hakutaka kuwavunjia imani yao.

Ndivyo alivyoipata habari ya jiwe. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1938, na gazeti lililochakaa kwa safari ya meli na reli lilikuwa limefika barazani. Mzungu mmoja akasoma kwa sauti: jiwe kubwa kama mlima limepita angani karibu na dunia, nusura liigonge. Tena lilipita tangu Oktoba. Wataalamu walipomaliza hesabu zao na kuanza kuogopa, jiwe lilikuwa limekwenda zake. Wazungu wakacheka, wakaagiza bia nyingine. Faradji akamimina bila kumwaga hata tone, ingawa kichwani mwake mbuzi walikuwa wameanza kulia.

Mbuzi hao wana maelezo yao. Faradji alimpenda Faida, binti wa Assumani fundi cherehani, na alimpenda kweli, jambo lililomshangaza hata yeye mwenyewe. Alipokwenda kuposa, Assumani hakuondoa mguu kwenye cherehani.

“Maneno yako iko mazuri, Faradji. Lakini nitayafunga na kamba gani? Leta mbuzi sita. Ijumaa, sala ikiisha, kama sioni mbuzi, usikanyage tena hapa.”

Mbuzi sita wanono, Kasongo nzima, walikuwa kwa mtu mmoja: Bulaimu, mfanyabiashara wa mpunga. Mheshimiwa huyu aliwapimia wakulima wa vijiji vya Wamaza na Lusangi kwa debe lake mwenyewe, lililotanuliwa tumbo kwa nyundo, na kila mpunga ulipokataa kujaa, aliwapa pole. Mbuzi wake aliwapenda kuliko ndugu zake, na ndugu zake walijua.

Faradji alimkuta uani akiwalisha maganda ya ndizi.

“Baba Bulaimu, habari ya mbingu iko mbaya.”

“Mbingu imefanya nini tena?”

“Jiwe iko nakuja. Kubwa sawa mulima! Wazungu wako nasoma katika gazeti, mikono inatetemeka. Nimeona na macho yangu.”

Katika kuivusha habari ile kutoka Kifaransa, Faradji alikuwa ameangusha njiani neno dogo tu, kwamba jiwe lilikwisha kupita. Mizigo hupungua safarini.

“Itaanguka wapi?” Bulaimu aliuliza.

Faradji akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. “Ile jiwe inavutwa na mali, baba. Pahali mali iko mingi, ni pale inapiga. Sasa mimi nakuuliza: hapa Kasongo, mali iko kwa nani?”

Bulaimu, ambaye kila mwaka aliwaapia watoza kodi kwamba hana hata kuku, akabanwa katikati ya woga na kiburi. Kiburi kikashinda.

“Kwangu,” alikiri.

“Basi nipe hawa mbuzi, niwafiche mbali, katika pori ya Lusangi. Mimi masikini, jiwe haina maneno na mimi. Ikipita, nawarudisha.”

“Inakuja lini?”

“Ijumaa, sala ikiisha.”

Bulaimu akawatazama mbuzi wake. “Ijumaa asubuhi, kuja na kamba.”

Mjanja mwenye akili angekwenda kulala. Faradji akaenda kujisifu. Alimkuta Faida anamenya karanga, akamsimulia yote, tangu bia hadi kamba.

“Na jiwe yenyewe?” Faida aliuliza.

“Ilishapita zamani!”

Faida akacheka mpaka karanga zikamwagika. Faradji akakipokea kicheko kile kama posa iliyokubaliwa, akaondoka akipiga mluzi.

Ijumaa asubuhi alifika kwa Bulaimu na kamba mpya begani. Ua ulikuwa umefurika. Wajane walikuwa wanapepeta mchele, vipofu wa msikitini walikuwa wamekwisha kukaa mkekani, sufuria kubwa zilikuwa motoni, na mbuzi watatu hawakuwa tena na vichwa.

“Baba, ni nini hii?”

“Sadaka!” Bulaimu alijibu, uso unang'aa. “Muke wangu Amisa, njo yeye alinikumbusha. Balaa kama hii, mutu anatoa sadaka. Na weye mwenyewe ulisema jiwe inafuata mali. Nikigawa yote, itafuata nini kwangu?”

Faradji akatafuta kosa katika hoja ile, asilione, maana ilikuwa yake. Mbuzi wa nne alikuwa anaburutwa. Watatu si sita, lakini kwa watatu mtu anaweza kuanza kumbembeleza baba mkwe. Ikabidi afanye kazi ambayo hakuizoea: kusema kweli.

“Simameni! Jiwe imepita!”

Visu vikasimama hewani.

“Imepita?” Bulaimu aliuliza. “Haitarudi?”

“Haki ya Mungu, imepita! Wazungu wenyewe wamesema!”

Bulaimu akainua mikono, machozi yanamtoka. “Alhamdulilahi! Sadaka imekubaliwa! Chinjeni na hawa watatu, ni ya shukrani!”

Watu walikwenda kusali, wakarudi, wakala. Assumani, akiwa na mfupa mkononi, akamwita Faradji kwa sauti ya kusikika na wote.

“Faradji! Sala imekwisha. Mbuzi zangu ziko wapi?”

Faradji akautazama ule mfupa.

Faida akamjia na bakuli la wali na nyama, akamwekea mbele.

“Nani alimwambia mama Amisa maneno ya sadaka?” Faradji alimuuliza.

“Mimi.”

“Faida! Yote hii nilifanya sababu yako!”

“Baba yangu ulimuuliza anataka mbuzi ngapi. Bulaimu ulimuuliza mali iko wapi. Mimi, Faradji, hukuniuliza kitu. Ata siku moja.” Sauti ilimtetemeka kidogo, kisha ikatulia. “Kula. Ni mahari yangu. Chumvi iko?”

Faradji akatafuna polepole. Maneno yale yalimuuma, na macho yalimwasha, akausingizia moshi. Kutoka upande wa pili wa ua Bulaimu alimpungia mkono kwa shukrani.

“Faradji, mwanangu! Jiwe ingine ikikuja, anza kwangu!”

“Chumvi iko,” Faradji alisema, akasukuma bakuli mbele ili aongezewe.